Alijitolea Mwenyewe

Iko kauli moja ambayo imezoeleka mno katika mji wetu mdogo wa Omurushaka. Utaisikia penye magari yaendayo Kayanga na Nkwenda, utaisikia katika vibanda vya chai, na utaisikia zaidi katika vikao vya timu zetu za kandanda: "Siku hizi hakuna watu wa kujitolea." Husemwa kwa huzuni, na aghalabu msemaji ni kiongozi wa timu aliyekuja kikaoni bila daftari wala kalamu. Waliopo hutikisa vichwa kukubali. Mmoja huongeza kwamba vijana wa leo wanapenda fedha, mwingine hukumbusha enzi za Mwalimu, kisha kikao hufungwa na uwanja hubaki na majani yake kama ulivyokuwa.

Mimi nasema kauli hiyo si ya kweli. Tena nasema ni kauli ya kujificha, na wanaojificha nyuma yake ndio hao wanaoitamka.

Ukitaka ushahidi, ndugu msomaji, subiri msiba. Mtu akifariki hapa kwetu alfajiri, jua halijawa kali utakuta akina mama wamekwisha kufika na mikungu ya ndizi, kuni na madumu ya maji. Wanaume wamekwisha kugawana kazi: hawa wa kaburi, hawa wa maturubai, hawa wa kuwapelekea habari ndugu walioko Kyerwa na Bukoba. Mwandishi wa chama cha kuzikana amekaa chini ya mti, anaandika nani amekuja na nani hakuja. Asiyekuja bila udhuru atatozwa faini, naye atailipa bila kununa. Hakuna anayelipwa hata senti moja. Sasa watu hao ni akina nani? Ni hao hao! Yule kijana anayepasua kuni usiku kucha msibani ndiye ambaye mwenyekiti wa timu anatuambia kwamba hajitolei.

Kwa hiyo tofauti haiko katika mioyo ya watu. Katika chama cha kuzikana mtu anajua ameitiwa nini, anajua kazi itakwisha lini, anajua ameandikwa, na anajua kwamba siku likimfika yeye, wenzake watakuja. Katika timu ya mpira hajui hata moja kati ya hayo. Ameitwa tu.

Hebu tuangalie basi jinsi timu zetu zinavyompata mtu wa kujitolea. Hazimtafuti; zinamnasa. Kijana amekuja jioni kutazama mazoezi, mshika kibendera hayupo, anaambiwa, "Wewe, hebu shika hapa." Wiki ya pili anatumwa mipira. Baada ya mwezi mmoja anaitwa meneja, na cheo hicho kinamfurahisha, maana bado hajui maana yake. Maana yake ni kwamba yeye ndiye atakayefyeka uwanja, atakayefukuza mbuzi, atakayetafuta chokaa ya kuchora mistari, na chokaa ikikosekana atafute majivu. Milingoti ya mikaratusi ikiibwa na wenye shida ya kuni, yeye atakwenda kuomba mingine. Jezi atazipeleka kwa mama yake zifuliwe. Fomu za wachezaji na picha zao atazipeleka Kayanga kwa bodaboda, na nauli ni ya mfukoni mwake. Jumapili, katika mechi ya kirafiki, refa asipotokea atapewa filimbi, naye atatukanwa na pande zote mbili, ukoo wake ukihusishwa.

Hakuna siku aliyoulizwa kama anaweza. Hakuna siku aliyoambiwa kazi itakwisha lini. Na miezi ambayo ligi zetu huchangamka, Juni, Julai na Agosti, ndiyo miezi ya kahawa, wakati kila nyumba ya Karagwe na Kyerwa inahitaji mikono ya kuchuma na kuanika. Kiongozi wa timu anataka kijana awe uwanjani saa tisa. Baba yake anataka awe shambani mpaka jua lizame. Sijapata kumwona kiongozi hata mmoja aliyekwenda kwa huyo baba kuzungumza naye kwa heshima kama watu wazima wanavyozungumza. Misimu miwili ikipita, kijana haonekani tena. Mwenyekiti anainua mikono: "Mnaona? Vijana wa leo!"

Nitasimulia jambo moja nililolishuhudia. Timu sitaitaja.

Palikuwa na kijana aliyeitumikia timu hiyo misimu minne. Walimwita daktari. Udaktari wake ulikuwa ndoo ya maji ya baridi, kitambaa, na mbio zake za kuingia uwanjani mtu akianguka. Siku moja timu ilikwenda kucheza upande wa Kyerwa kwa gari la wazi la mizigo. Wakati wa kurudi gari lilikuwa limejaa, na kwa kuwa nafasi za ndani zilikuwa za wachezaji, yeye alikaa ukingoni. Gari lilipopiga shimo akaanguka, akavunjika mguu. Wachezaji walichanga walichokuwa nacho usiku ule ule, na kwa hilo nawasifu. Kamati ilikutana baada ya wiki mbili. Mama yake alikuja, akasalimu, akakaa kwenye benchi la nyuma akingoja ajenda yake. Ilipofika, mwenyekiti alimjibu kwa upole kabisa: "Pole sana mama. Lakini sisi hatukumwajiri. Alijitolea mwenyewe."

Mama akaondoka. Hazikupita dakika kumi, kikao hicho hicho kikapitisha fedha za "kamati ya ufundi" kwa ajili ya mechi ya Jumapili. Msomaji anayeujua mpira wetu wa Tanzania anaijua kamati hiyo, na anajua kwamba haihusiki na ufundi wowote wa kupiga mpira. Fedha za mganga zilikuwapo; za hospitali hazikuwapo. Chama cha kuzikana, ambacho kwa katiba yake hushughulika na vifo tu, ndicho kilichokuwa kikituma watu wawili kila wiki kumsaidia yule mama migombani mpaka mwanawe alipoanza kukanyaga chini.

Maneno hayo mawili, alijitolea mwenyewe, yamekaa nami tangu siku ile. Kiswahili kimetupa neno zuri sana. Mtu anayejitolea anajitoa kwa ajili ya jambo. Anatoa nafsi yake, ambayo ni zaidi ya kutoa fedha. Lakini viongozi wetu wanalisoma neno hilo kana kwamba mtu huyo amejitoa katika orodha ya wenye haki. Kwao, aliyejitolea ni kama kitu kilichookotwa njiani: hakina bei na hakina mwenyewe. Akivunjika, huokotwa kingine.

Sasa niwajibu wale wanaokumbusha enzi za Mwalimu, maana hao ni wengi na baadhi yao ni rafiki zangu. Wanasema wakati ule watu walijenga shule na kuchimba mitaro bila kuuliza chochote. Ni kweli watu walijenga. Lakini tusiibadili historia kuwa hadithi ya malaika. Chukua kampeni ya kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na idadi ya wasiojua kusoma na kuandika, iliyokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, ilishuka hadi asilimia 39 hivi mwaka 1975. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao. Vijana waliomaliza darasa la saba, wanafunzi, na mtu yeyote aliyejua kusoma walisimama mbele ya wazee wao wakafundisha. Walijitolea, naam. Lakini walipewa semina, walipewa vitabu, ubao na chaki, darasa lilikuwa na daftari la mahudhurio na mkaguzi wa kulitazama, na waliahidiwa posho ndogo. Ilipochelewa au kukosekana, wengi waliacha. Hata katika siku zile za Azimio, basi, hakuna aliyeamini kwamba mtu wa kujitolea anaishi kwa upepo. Wanaotuambia leo kwamba zamani watu hawakuhitaji chochote wamesahau chaki ilitoka wapi.

Wengine wanaweka lawama mwaka 1994. Mwaka ule wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kwa malaki, kambi zikajengwa Ngara na hapa Karagwe, na mashirika ya misaada yakaja na magari meupe, semina na posho. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1996, posho, wanasema, ilikuwa imekwisha kuharibu watu, tangu hapo hakuna anayeinua jembe bila kuuliza "kuna nini?" Hoja hii ina chembe ya ukweli, nami siikatai yote. Lakini naomba mtazame nini hasa watu walijifunza katika miaka ile. Walijifunza kwamba kazi inaweza kuwa na saa ya kuanza na saa ya kwisha, kwamba anayesafiri kwa ajili ya kazi hurudishiwa nauli, kwamba anayeshinda juani hupewa chakula. Je, hayo ni maradhi? Mimi nayaona ni ustaarabu. Mtu anayekataa kutumia nauli yake mwenyewe kupeleka fomu za timu yenye mweka hazina si mchoyo. Anajua kuhesabu tu.

Wapenda fedha kweli wapo, lakini tuwatafute mahali pao. Kila mwaka wa uchaguzi, na mwaka 2025 haukuwa tofauti, wagombea huja na jezi na mipira. Kombe huanzishwa, ng'ombe au mbuzi wa mshindi hufungwa kando ya uwanja, picha hupigwa. Mipira hiyo hupokewa na viongozi, na hugawanywa wanavyojua viongozi. Yule mfyekaji wa uwanja hupata fulana moja yenye uso wa mgombea. Kura zikihesabiwa, kombe halichezwi tena, ila uwanja unaendelea kuota majani, na anayetakiwa kuyafyeka ni yeye.

Kuna waliofanya vizuri zaidi, tena maskini kuliko sisi. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare mjini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake, MYSA. Aliyekianzisha ni Mkanada, Bob Munro, lakini kilichokikuza ni vijana wenyewe wa Mathare. Mtaa ule una takataka, mifereji ya maji machafu, na vibanda vilivyobanana kiasi kwamba nafasi ya uwanja ni bahati. Wao walifanya jambo ambalo sisi hatujalifanya: waliihesabu kazi ya kujitolea. Timu iliyofanya usafi mtaani ilipata pointi, na pointi hizo ziliingia katika msimamo wa ligi pamoja na za ushindi. Kijana aliyefundisha wadogo, aliyechezesha mechi, aliyesimamia ligi ya mtaa wake, aliandikiwa pointi zake pia, na waliofanya vizuri walilipiwa karo, fedha ikipelekwa moja kwa moja shuleni. Ligi zao ziliendeshwa na vijana ambao pengine hapa kwetu tungewatuma sigara. Katika mizizi hiyo ilitoka Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Nitaambiwa hilo lilikuwa na wafadhili. Ni kweli, walikuja. Lakini daftari la pointi halihitaji mfadhili. Na mfadhili mwenyewe, akifika Omurushaka leo akataka kujua nani anafanya nini katika timu zetu, tutamwonyesha nini?

Tazameni hata jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera. Wanyarwanda wameukumbatia mchezo wa kriketi, ambao hapa kwetu ukiuliza utaambiwa ni aina ya mdudu. Mwaka 2016 nahodha wa timu yao ya taifa, Eric Dusingizimana, alisimama na gongo lake kwa saa 51 akipiga mipira ili kuchangisha fedha za kiwanja, na mwaka 2017 kiwanja hicho kikafunguliwa Gahanga, karibu na Kigali. Watu husimulia habari za yule mpigaji, nao wana haki. Mimi huwafikiria waliokuwa wakimrushia mipira. Saa 51! Walipokezana. Asingekuwapo wa kupanga zamu zao, mchana na usiku, pasingekuwa na mpigaji wala rekodi. Na kwa Waingereza, wenye mchezo huo, vilabu vya vijijini vinaishi kwa watu wa namna hii: mtunza majani, mwandika alama, mwamuzi, mpika chai. London ilipoandaa Olimpiki mwaka 2012 iliwatumia watu wa kujitolea wapatao 70,000. Hawakulipwa mshahara. Walifundishwa, wakapewa sare, wakapewa chakula siku ya zamu na usafiri wa kufika kazini. Nchi tajiri kama ile haikuona aibu kumlisha mtu aliyejitolea. Aibu hiyo tunayo sisi, ambao ndizi zinaozea migombani.

Kwa hiyo nataka timu zetu zifanye nini? Kwanza ziache kutangaza. Tangazo la jumla, "wenye moyo wajitokeze", halimwiti mtu yeyote. Mtu huitwa kwa jina lake, nyumbani kwake, na huitiwa kazi moja yenye mwisho: fyeka uwanja Jumamosi mbili za Mei, weka orodha ya wachezaji mpaka usajili ufungwe, fundisha watoto Jumatano jioni mpaka kahawa ianze. Akikataa aachwe bila kununiwa, aombwe tena mwakani. Niliwahi kumsikia kiongozi akisema kwamba kumwekea mtu kikomo ni kumfundisha uvivu. Huyo hajawahi kubeba ndoo.

Nauli na vocha zitolewe kabla ya safari, si "utaniona". Ikiwa timu haina nauli, basi fomu isubiri, au mwenyekiti aipeleke mwenyewe, atajua bei. Anayepanda gari la timu apate kiti kama mchezaji, na akiumia atibiwe kama mchezaji. Sioni ugumu wa timu kununua kadi ya bima ya afya kwa watu wake watatu au wanne wanaoshinda uwanjani, ikiwa inamudu kununua hirizi. Marefa walindwe: anayemtukana mtu aliyekuja kutuchezesha bure atolewe uwanjani, hata akiwa ndiye aliyetoa mpira. Na kuwe na daftari. Nimelitaja mara nyingi mpaka msomaji anaweza kudhani nauza madaftari. Lakini ni jambo dogo mno kiasi kwamba kutokuwapo kwake kunaeleza yote. Kiongozi asiyeandika nani alifanya nini hataki ijulikane nani hakufanya kitu.

Nao wako watu ambao hatujawahi hata kuwanasa, sembuse kuwaita. Walimu wastaafu wamejaa hapa Omurushaka, watu waliosimamia michezo ya UMITASHUMTA miaka nenda miaka rudi, wanaojua kupanga ratiba ya mechi ishirini bila kugonganisha timu. Wanakaa barazani. Na wako akina mama. Katika kila timu ninayoijua, jezi hufuliwa na mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga kikaoni. Huchota maji, hununua sabuni, huanika jezi kumi na sita uani, huziona zikirudi na tope, huzifua tena. Akina mama hawa hawa ndio waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambako shilingi haipotei bila kutafutwa. Hakuna timu iliyomwomba hata mmoja ashike hesabu zake. Labda timu zinajua kwa nini.

Kabla kahawa haijaanza kuiva, vikao vya maandalizi ya ligi vitaitishwa tena. Nimekusudia kuhudhuria, afya ikiniruhusu. Sitaki nafasi yoyote katika kamati. Nitaomba tu, kabla ya ajenda ya kwanza, nijibiwe swali moja: nani alifua jezi mwaka jana, na jina lake limeandikwa wapi?